Kila Mtu na Shiti Yake? Ngoja Uone Kasheshe!

WIKI hii sina habari ya nani kamtema nani. Wiki hii nina habari ya shiti. Usicheke! Si shiti la kitandani. Nazungumzia ile karatasi ya mistari na safu iliyoko kwenye kompyuta, ambayo nusura initoe mimi na wenzangu nishai mbele ya kina mama wa Kasulu.

Ilikuwa hivi. Nina mshikaji wangu Kibondo, mtaalam wa kuandika programu. Vikoba viwili, kimoja cha kina mama wa sokoni hapa Kasulu na kingine cha huko huko Kibondo, vilitaka programu ya simu ya kutunza hesabu: hisa, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii. Mshikaji akasema yeye ataandika, mimi nikusanye mahitaji. Yaani niwaulize kina mama wanataka programu ifanye nini, niandike, nimpelekee. Nikajiona bosi. Kidato cha nne nimemaliza, kalamu ninayo, kazi gani hiyo?

Vikundi vya namna hii si vya kuchezea. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Vyetu vyote viwili vina katiba ya maandishi. Mimi nikadhani nikishaishika katiba nimemaliza. Nikaitoa kama ilivyo, nikaipanga kwenye faili la Excel, nikalirusha WhatsApp. Katibu wa Kasulu akarekebisha lake akanirudishia. Wa Kibondo naye akarekebisha la kwake. Ndani ya wiki mbili nikawa na faili linaloitwa "mahitaji ya mwisho", jingine "mwisho kabisa", na jingine "mwisho wa kweli". Ukiniuliza lipi ni lipi, natoa macho tu.

Siku ya majaribio tukakaa chini ya mwembe na kina mama wao. Mshikaji kabonyeza simu yake kwa maringo. Programu ikatangaza kwamba mama mmoja anadaiwa faini ya kukosa vikao viwili. Kimya. Mweka hazina akanitazama, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo kompyuta yenu haijawahi kufiwa?"

Kumbe yule mama alikuwa msibani. Kwenye kikundi chao msiba hauna faini, wala hakuna aliyewahi kuona haja ya kuiandika katika katiba, maana kila mtu anaijua. Katibu alikuwa ameiongeza kwenye faili lake, lakini mshikaji alitumia faili jingine. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumechemsha.

Basi nikahamia Google Sheets, shiti inayokaa kwenye wingu. (Kasulu mawingu tunayo mengi, lakini hili ni jingine.) Google waliianzisha mwaka 2006. Uzuri wake ni kwamba shiti ni moja tu. Anayeifungua Kibondo na anayeifungua Kasulu wanaona kitu kile kile, muda ule ule. Hakuna tena "mwisho wa kweli". Na akitokea mtu akafuta kitu, kumbukumbu ya matoleo inakuonyesha nani kabadilisha nini na lini, na unaweza kurudisha ya zamani. Hakuna kuzuga.

Tukaipanga hivi. Safu ya kwanza namba ya hitaji, ambayo ikishatolewa haitumiki tena kwa hitaji jingine. Ya pili, nani anataka. Ya tatu, anataka nini. Ya nne, kwa nini. Ya tano, tutajuaje kwamba limekamilika. Ya sita, limefikia wapi: limependekezwa, limekubaliwa, linaandikwa au limejaribiwa. Mstari mmoja, hitaji moja. Ukiona kuna "na" katikati ya sentensi, ujue hapo kuna mahitaji mawili yamebanana kama abiria wa mchomoko.

Hiyo safu ya "kwa nini" msiidharau. Wenzetu wa shirika la PATH na Public Health Informatics Institute la Marekani wana utaratibu wa kukusanya mahitaji kwa pamoja, na hapa nchini ulitumika katika miaka ya 2010 kuandaa eLMIS, mfumo wa kuagiza na kufuatilia dawa. Wao huanza na maswali matatu. Kazi mnaifanyaje sasa? Ingefaa ifanywe vipi? Kisha, mfumo utasaidia wapi? Kompyuta inakuja mwisho. Mimi nilianza na kompyuta, ndiyo maana nikaulizwa habari za msiba.

Halafu kuna suala la nani aandike. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti, ili mmoja asijifungulie peke yake usiku. Shiti nayo tukaifanya hivyo hivyo. Mimi peke yangu naandika. Makatibu wawili wanaruhusiwa kutoa maoni pembeni. Wengine wanatazama tu. Hitaji halihamii "limekubaliwa" mpaka makatibu wote wawili waandike ndiyo. Na kwa kuwa si kila mama ana simu ya kupangusa, kila kikao nilisoma mistari mipya kwa sauti, na katibu akaifafanua kwa Kiha. Mtandao ukikata, na hukata kweli, nafanya kazi bila intaneti na mabadiliko yanapanda ukirudi. Ila watu wawili wasiandike kisanduku kimoja, maana la mwisho kufika ndilo linalobaki.

Nikajiona nimetoka. Kumbe kasheshe lenyewe lilikuwa linanisubiri.

Kwenye shiti kulikuwa na safu ya mifano, ili mshikaji aelewe hesabu za mikopo. Mimi kwa uvivu nikanakili mifano kutoka kwenye daftari, na majina yake. Halafu ili kujirahisishia, nikaiweka shiti wazi kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kutazama. Kiungo kikatoka kwenye simu moja hadi nyingine, kikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaani. Kesho yake soko zima lilijua kwamba mama fulani anayeuza maharage amechelewesha rejesho la 180,000/-.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana. Aliacha tu kuja kikaoni. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, kiti chake kitupu. Wewe unayeishi mjini unaweza kusema deni ni deni, aibu ya nini? Kwa mama yule kikoba ndiyo benki yake. Akitoka, mtaji wa msimu ujao hana.

Nikafunga shiti siku ile ile, ikabaki ya watu watatu walioalikwa kwa majina. Majina ya kina mama nikayafuta yote, nikaweka Mwanachama A na Mwanachama B. Lakini yale matoleo ya zamani bado yalikuwa na majina, kwa hiyo nikafungua shiti mpya safi na ya zamani nikaifuta kabisa. Baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Deni la mtu si la kutangaziwa mtaa.

Kisha nikaenda nyumbani kwake. Shikamoo yangu ilitoka ndogo kama ya mtoto aliyevunja chungu. Nikasema, "Mama, kosa ni langu, si la mweka hazina wala la kompyuta." Akaendelea kuchambua maharage. Baada ya muda mrefu akaniuliza, "Ile karatasi yenu bado mnaandika wanachotaka watu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi andika. Deni langu nilione mimi na mweka hazina. Mwingine asilione."

Nikatoa simu pale pale. Namba 31. Nani anataka: mwanachama. Kwa nini: nikaandika kwamba mtu akiaibika haji, na asipokuja hawezi kulipa. Makatibu wote wawili waliandika ndiyo jioni ile ile. Mshikaji alilalamika kwamba itabidi abomoe nusu ya kazi yake. Akabomoa.

Kikao kilichofuata yule mama alikuja. Alikaa mbali na mimi, lakini alinunua hisa mbili.

Haya mshikaji, ukipewa kazi ya kuandika watu wanataka nini, andika mahali pamoja, na funga mlango. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Usinune!