Fomu yangu ingepanga foleni tu

Wasee, juzi usiku hapa Garsen nimejaza fomu ya ufadhili saa mbili nzima. Nikabonyeza "Tuma" saa tano na nusu, mtandao ukapotea, fomu yote ikafutika. Saa sita wakafunga. Mimi nalaumu waliotengeneza hiyo tovuti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi wetu hatujazaliwa, kuna mashirika Nairobi yalituma baruapepe kupitia FidoNet bila intaneti ya kudumu. Barua zinapanga foleni ndani ya kompyuta, halafu modemu inapiga simu hadi London, inapeleka zote kwa mpigo, inachukua zilizokuja, inakata. Simu ya ng'ambo ilikuwa ghali, bana. Hadi leo, seva ya baruapepe ikimkosa mwenzake haitupi barua. Inajaribu tena na tena, kawaida hata siku 4 au 5.

Sasa tovuti ya juzi inashindwaje? Huku Mto Tana ukifurika, ama stima ikipotea tu, mtandao nao unaenda. Niwekee fomu yangu kwa simu, niandikie "inasubiri", uitume mtandao ukirudi. Na mnihesabie saa niliyobonyeza, si saa booster imeamka.