Nani Anawalinganisha Wagombea wa Ngara?

Na Projestus Kamugisha

Kuanzia 2005 hadi 2020 Jimbo la Ngara lilipita kwenye chaguzi kuu nne, na kila mara alitoka mbunge mpya. Alianza Profesa Feethan Banyikwa, akafuata Deogratias Ntukamazina mwaka 2010, Alex Gashaza 2015, kisha Ndaisaba Ruhoro 2020. Mtu wa mbali akiisoma orodha hiyo atasema Wanangara ni wapiga kura wakali. Lakini wote wanne ni wa CCM. Mchujo wenye uzito ulifanyika kwenye kura za maoni za chama, na ilipofika Oktoba mwananchi wa Rulenge au Murusagamba aliletewa jina lililokwisha kuamuliwa.

Kwa majirani zao wa Biharamulo mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2005 Jimbo la Biharamulo Magharibi (Mashariki ilikuwa ya John Magufuli, ndiyo Chato ya leo) lilimchagua Phares Kabuye wa TLP. Alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2009, uchaguzi mdogo wa Julai uliwakutanisha Oscar Mukasa wa CCM na Dk. Antony Mbassa wa CHADEMA. Mukasa alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika elfu moja. Mwaka uliofuata kiti kikaenda kwa Mbassa. Mwaka 2015 Mukasa akakirudisha CCM, na 2020 akaingia Ezra Chiwelesa wa chama hichohicho.

Sisemi Biharamulo walipata wabunge bora kuliko Ngara. Ninachosema ni kwamba walipata nafasi ya kulinganisha. Kufikia 2015, mkulima wa Nyakahura alikuwa amemwona Mukasa akiwa mbunge na amemwona Mbassa akiwa mbunge. Hakuhitaji mpambe wa kumweleza nani anajibu simu, nani huonekana jimboni Bunge likiahirishwa, nani akisimama Dodoma hutaja Lusahunga na Runazi kwa majina. Aliwajua kwa kazi zao. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani pale ambapo mchuano wa kweli unamalizikia kwenye ukumbi wa chama.

Na tuutazame huo ukumbi. Mtia nia anaitwa mbele, anapewa dakika chache, anataja jina, elimu na miaka yake ndani ya chama, anajibu maswali mawili matatu, anaomba kura, anakaa. Anafuata mwingine. Wanapokuwa wengi kama mwaka 2020, mjumbe anafika kwenye karatasi ya kura akiwa amekwisha kuchanganya sura na majina. Mwaka 2015 CCM iliwaruhusu wanachama wake wote wapige kura hizo matawini. 2020 ikazirudisha kwa wajumbe wa mkutano mkuu. Hata hivyo, aliyeongoza hana uhakika, kwa kuwa vikao vya juu vina mamlaka ya kulikata jina lake na kumteua aliyemfuata. Hicho ni chama na kina taratibu zake, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba asiye na kadi ya CCM, naye analipa kodi na anasafiri kwenye barabara ileile mbovu, hana sauti hata moja katika hatua hiyo.

Wala hawezi kujitokeza mwenyewe. Katiba yetu, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapahapa Arusha, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Miaka imepita, ibara imebaki palepale. Kisha ukaja Oktoba 2025, na CHADEMA, chama kilichowahi kulishika jimbo la Biharamulo, hakikuwamo kwenye karatasi ya kura. Wigo wa kulinganisha ukazidi kubana, na damu iliyomwagika nchini katika siku zile inatosha kumfanya mtu yeyote mwenye nia njema aulizie tunakwenda wapi.

Inaniuma zaidi kwa sababu Ngara ya leo ina mambo mazito ya kumpimia mgombea. Kabanga kuna nikeli inayozungumzwa tangu miaka ya sabini. Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano ya mradi huo na kupata hisa asilimia 16, na mtambo wa kusafisha madini ukapangwa kujengwa Kahama, mkoa mwingine kabisa. Rusumo kuna umeme wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Burundi. Malori ya nchi hizo yanaichakaza barabara ya Lusahunga usiku na mchana. Upande wa Biharamulo, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na wanaolima pembezoni mwake wana maswali yao.

Mbele ya mambo hayo, mgombea anayeahidi kutujengea barabara anatupotezea muda. Barabara zinajengwa na TANROADS na TARURA. Mbunge anauliza maswali, anachangia kwenye kamati, anapitisha au kukataa bajeti, na ni mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Anaingia pia kwenye baraza la madiwani. Hizo ndizo kazi zake. Tena zina kumbukumbu: taarifa rasmi za Bunge zinaonyesha aliuliza nini, lini, na akajibiwa nini.

Kwa hiyo naviomba vyama vyote, CCM kikiwa cha kwanza kwa kuwa ndicho chenye kiti, viwapandishe watia nia wao jukwaa moja hadharani kabla ya kura za maoni, Ngara mjini, Rulenge na Kabanga, na mwananchi yeyote aruhusiwe kuuliza, awe na kadi au asiwe nayo. Redio za jamii zirushe moja kwa moja. Aliyekuwa mbunge aje na maswali yake ya miaka mitano yakiwa yamechapwa. Anayetaka kumng'oa aeleze yeye angeuliza nini.

La kuanzia ninalo. Sheria inaipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya kampuni. Nikeli ya Kabanga ikianza kuuzwa, na mtambo ukiwa Kahama, mgombea atuambie fedha hiyo atahakikishaje inaingia Ngara, na itaanzia kijiji gani.