Dawa Inayogusa Akili: Je, Mgonjwa wa Sonona Anaruhusiwa?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Swali moja limetufikia mara tatu mwezi huu, na mara zote limeulizwa na wazazi. Vijana wameona kwenye simu kwamba ughaibuni sonona inatibiwa kwa uyoga unaobadilisha fahamu. Mzazi mmoja hapa Dodoma amegundua kwamba binti yake ameshaulizia bei ya unga wake. Anauliza: sharia inasemaje?

Tuanze na habari yenyewe. Tarehe 1 Julai 2023 Australia iliwaruhusu madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wenye kibali maalumu kutumia silosaibini, yaani kemikali iliyomo katika uyoga huo, kwa sonona iliyoshindikana kwa tiba nyingine, na MDMA kwa wenye kiwewe. Marekani, mwezi Agosti 2024, ilikataa kuidhinisha MDMA ikataka utafiti zaidi. Hata penye ruhusa mgonjwa hakabidhiwi dawa akaondoka nayo. Huandaliwa kwa mazungumzo, huimeza mbele ya wataalamu wanaokaa naye kwa saa kadhaa, kisha hurudi kuzungumza tena. Na ambaye katika ukoo wake wa karibu kuna ugonjwa wa kuchanganyikiwa akili kwa kawaida huzuiwa, kwa kuchelea kumwamshia maradhi hayo. Muuza unga wa kwenye simu amemuuliza nani habari za mjomba wake?

Ama hukumu, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu na akatukataza kujitibu kwa haramu. Wanazuoni wetu wa Kishafi, hata hivyo, walitofautisha kinywaji cha kulevya na mimea inayoondoa fahamu. Imam Nawawi alizungumzia mtu ambaye mkono wake umeoza na hauna budi kukatwa: je, apewe cha kumwondolea fahamu? Akaona rai sahihi zaidi ni kuwa inajuzu. Ndiyo maana hakuna mama anayeomba fatwa kabla ya kupewa dawa ya usingizi kwa upasuaji. Ketamini, inayotumika miaka mingi katika vyumba vya upasuaji, nayo imeonekana kupunguza sonona kali kwa haraka, na Marekani iliidhinisha dawa ya puani ya jamii yake mwezi Machi 2019.

Kwa hiyo swali si kugusa akili peke yake. Tunatazama dharura, kukosekana kwa tiba ya halali, na daktari mwaminifu anayejua kazi yake. Katika unga wa kununua kwa simu hatuoni hata moja kati ya hayo, na silosaibini imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa za aina hii. Haifai. Wallahu a'lam.

Lakini kinachotushughulisha zaidi ni kwa nini binti huyo alitafuta tiba gizani. Hospitali ya Mirembe ipo hapa mjini tangu mwaka 1927, nasi tumeligeuza jina lake kuwa tusi la watoto barabarani. Familia iko radhi kusafiri hadi Kondoa kutafuta kombe, ila kuvuka mji kwenda Mirembe inaona aibu. Hatusemi kombe na ruqya viachwe. Tunasema Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alikwisha kutenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu ya wazi, inayotokana na mwili, na hii ya pili akaielekezea tiba ya mwili. Leo tukimwambia mgonjwa kwamba imani yake ni haba, tumerudi nyuma zaidi ya miaka elfu.

Mzazi tumemjibu hivi: binti aende hospitali, na mama yake afuatane naye. Asikatize vidonge siku ya kumi kwa madai kwamba havifanyi kazi, maana dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa. Akitamka habari za kutaka kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Baba naye aache kumuuliza mbele ya wageni kwa nini hacheki.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu swali la swala ya mgonjwa aliyepitiwa na wakati akiwa amelazwa kwa dawa.