Chenga za Picha Zisifutwe Pamoja na Sura za Watu

JICHO LA WIKI
Na Mwanaidi Sefu

Tazama albamu za harusi za usiku zinazotolewa siku hizi. Bibi harusi hana vinyweleo wala mistari ya midomo. Piko mikononi imeyeyuka ikawa madoa, na matundu ya kofia ya viua ya bwana harusi yamezibika. Mhariri amefuta chenga, yaani vile vidoadoa vya punjepunje vya picha iliyokosa mwanga, na watu wamefutika nazo.

Chenga zenyewe hazina uchawi. Mwanga huingia kwenye kamera kwa chembe, yaani fotoni, na ujio wa chembe hizo una bahati nasibu ndani yake. Kuyumba huko ndiko chenga: pikseli iliyopokea fotoni 100 huyumba kwa takriban 10, sawa na asilimia 10. Iliyopokea 10,000 huyumba kwa asilimia 1 tu. Wapiga picha wengi huilaumu ISO, yaani kiwango cha unyeti wa kamera kwa mwanga, lakini kinachokosekana ni mwanga.

Na hapa ndipo ngozi zetu nyeusi zinapodhulumiwa. Kamera ikipima ukumbi wenye gauni jeupe na taa kali za jukwaani, hupunguza mwanga, na uso unabaki gizani. Mhariri anakuja kuuinua uso ule kwenye kompyuta, chenga zinachomoza, naye anazifuta kwa kusukuma kitelezi cha kupunguza chenga hadi mwisho. Uso umeumizwa mara mbili. Dawa ya kwanza iko ukumbini: pimia mwanga usoni, hata kama ISO itapanda. ISO 6400 yenye uso uliopata mwanga wa kutosha ni bora kuliko ISO 800 iliyokuja kuinuliwa baadaye.

Kwenye uhariri, anza na faili ghafi (RAW). Faili ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwangaza kwa kila pikseli. JPEG ina 256 tu kwa kila rangi, na kamera imekwisha kuipaka dawa yake yenyewe ya kufuta chenga. Kisha tenganisha chenga za rangi na chenga za mwangaza. Yale madoa ya zambarau na kijani yaondoe bila huruma, kwa kuwa jicho la binadamu halioni vitu vidogo vya rangi kwa ukali mkubwa. Chenga za mwangaza ziguse kwa hadhari, maana mchoro wa hina na nyuzi za darizi vimo humo humo.

Tangu Aprili 2023 programu ya uhariri ya Lightroom ina kisafishaji cha chenga cha akili bandia, na kazi yake ni nzuri kweli, nakisifu. Ila kwa nyuso ndogo za wageni waliokaa nyuma, ambako kamera haikunasa kitu cha kutosha, programu za aina hii hukisia, na kope iliyokisiwa si kope ya shangazi yako.

Nawasihi pia wahariri waache kuhukumu picha wakiwa wameikuza asilimia 100 kwenye skrini. Chapeni moja kwa ukubwa atakaopewa mteja, muishike mkononi, ndipo muamue kama kuna chenga ya kufuta.