Chumba Kwanza, Kabati Baadaye
Tunawaomba viongozi wanaoagiza seva kwa ofisi za Tanga, Pangani na Pemba wapime kwanza chumba. Seva za kabati, zenye upana wa inchi 19, hupangwa moja juu ya nyingine. Kabati la kawaida lina nafasi 42, na likijaa joto lake lataka kiyoyozi usiku na mchana. Tangu mwaka 2010 Pemba hupokea umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Umeme ukikatika, kiyoyozi nacho hunyamaza. Ofisi yenye kazi ya seva moja yatoshwa na ile isimamayo sakafuni. Kuinunulia kabati zima ni fahari tu, tena kwa fedha za wananchi. Wahusika watueleze: chumba kiko tayari kabla kabati halijapakiwa chomboni?