Baraka: Aliyeumizwa na vita si kichaa

Siku moja ya soko hapa Baraka, tairi la pikipiki lilipasuka karibu na meza za ndakala. Baba mmoja wa makamo akajitupa chini, mikono juu ya kichwa. Watu wakacheka. Kijana mmoja akapaza sauti: «Wazimu wake umeanza tena!» Yule baba akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake na kusahau mafuta ya mawese aliyokuwa amekwisha kulipia.

Nilikuwa pale na sikusema kitu. Leo ninasema: yule baba si kichaa. Mwili wake ulisikia risasi kabla akili haijatambua kwamba ni tairi. Tangu 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuandika ugonjwa huu katika kitabu chao: mtu aliyepita katika jambo la kutisha anaota ndoto mbaya, anashtuka haraka, anakwepa mahali panapomkumbusha, anakosa usingizi, na hali hiyo inapita mwezi mzima. Ni ugonjwa unaotibika.

Lakini sisi tuna majina yetu. Kichaa. Amerogwa. Ana pepo. Mwoga. Siku hizi vijana wamechukua hata neno la Kifaransa linalosikika katika semina za mashirika, «traumatisé», wakaligeuza tusi la kumcheka kila anayechelewa kuelewa.

Jina si maneno matupu, kwa sababu kila jina linampeleka mgonjwa mahali pake. Akiitwa amerogwa, jamaa watatafuta mchawi, na bibi kizee wa jirani atakuwa hatarini. Akiitwa mwenye pepo, atafungishwa siku nyingi bila chakula. Akiitwa kichaa, nani atampa kazi? Ndiyo maana wengi wananyamaza, na wengine wanatafuta usingizi ndani ya chupa ya lotoko.

Na nani kati yetu yuko mbali na jambo hili? Mwaka 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kukimbilia Tanzania. Mwisho wa 1998 raia waliuawa kwa wingi Makobola. Tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi waliwabaka wanawake Fizi-Centre. Mwezi uliofuata, mahakama ya kijeshi ilikaa hapa hapa Baraka, makumi ya wanawake wakatoa ushahidi, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Mahakama iliyaita matendo yale kwa jina lake: uhalifu dhidi ya ubinadamu. Aibu ikabaki kwa aliyetenda. Lakini mtaani, mwanamke aliyebakwa bado ananyoshewa kidole, kama kwamba aibu ni yake.

Hata nchi kubwa zilikosea. Katika vita kuu ya kwanza ya dunia, jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake wengi kwa kutoroka au kwa uwoga. Wengine wao walikuwa wagonjwa wa mshtuko wa mabomu. Askari 306 walisamehewa mwaka 2006, miaka karibu 90 baada ya kuzikwa.

Kuna atakayeniambia: «Ndugu mwandishi, neno halinunui dawa.» Ni kweli. Hospitali ya Sosame inayotibu magonjwa ya akili iko Bukavu, na safari ni ndefu. Serkali inapaswa kuwafundisha wauguzi katika maeneo ya afya ya Fizi na Nundu ili wagonjwa hawa wapokewe karibu na kwao. Lakini hata muuguzi akiwepo, anayeogopa kuitwa kichaa hatavuka mlango wake.

Kwa hiyo ninapendekeza tuuite ugonjwa huu kidonda cha vita. Mwenye kidonda hachekwi kwa sababu anachechemea, wala haulizwi nani amemroga. Anapelekwa kwa muuguzi. Watangazaji wa redio, walimu, wachungaji na maimamu, tuanze na neno hilo, na wazee watutafutie mwenzake katika Kibembe na katika kila lugha ya hapa. Pasta aombe, lakini akimaliza amsindikize mgonjwa hospitalini.

Na wewe uliye sokoni, tairi likipasuka na mtu akajitupa chini, mpe mkono ainuke, na umkumbushe mafuta yake.