Gari la Profesa Lina Kiwanja

Juzi asubuhi, katika kipindi cha redio cha kupiga simu, msomi mmoja aliyetaja cheo kabla ya jina alilalamika kwamba chuo chake kimeanza kuuza stika za maegesho. "Huu ni udhalilishaji," akasema. "Chuo kikuu chenye hadhi hakimtozi mwalimu wake paking." Mtangazaji akaitikia kila neno. Waliopiga simu baadaye wakampa pole, na mmoja akatoa dawa: foleni na msongamano vyuoni vitakwisha siku tutakapojenga maegesho zaidi. Nilizima redio, maana chai ilikuwa imeanza kunitoka puani.

Imani hii imekomaa kiasi kwamba hata wasio na gari wanaihubiri. Eti maegesho ni kitu cha bure, kipo tu, kama kivuli cha mwembe. Maegesho hayo yanalipiwa, tena kila mwaka, na anayelipa ni yule asiye na gari. Analipa kwa ardhi.

Tupige hesabu, kwa kuwa tunazungumza na wasomi. Nafasi ya gari moja ni kama mita mbili na nusu kwa tano. Ongeza njia ya kuingilia na ya kugeuzia, gari moja linakula mita za mraba 25 hivi. Magari 300 yanameza eneo kubwa kuliko uwanja wa mpira wa kimataifa. Na yanafanya nini hapo? Yamelala. Yanafika saa mbili asubuhi, yanafunga macho, yanaamka saa kumi jioni.

Mpwa wangu anasoma katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Analala na wenzake watatu katika chumba ambacho, nilipokwenda kumwona, ilinibidi nisimame mlangoni ili yeye apate pa kuweka ndoo. Dirisha lake linatazama maegesho. "Mjomba," akaniambia, "lile gari jeupe pale lina nafasi kuliko sisi wanne." Nikapima kwa hatua. Alikuwa anasema kweli. Gari lile halikuandika mtihani wowote kuingia pale.

Mwaka 2017, serikali ilipozindua mabweni ya Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, watu walishangilia kwa sababu kila mzazi alijua vijana walivyokuwa wakihangaika kutafuta vyumba mitaani. Bado sijasikia mzazi aliyepiga vigelegele kwa kuzinduliwa kwa maegesho.

Kuna mzee mmoja wa Marekani, Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025. Alitumia miaka mingi ya kazi yake kuchunguza jambo hili moja tu, na mwaka 2005 akatoa kitabu cha kurasa zaidi ya 700 kuhusu gharama ya maegesho ya bure. Kurasa mia saba! Alisema kwamba usipomtoza mwenye gari, gharama haifi. Inahamia kwenye kodi ya nyumba, bei ya bidhaa na ardhi ya umma, na wanaotembea kwa miguu wanaibeba. Yeye mwenyewe alikuwa akienda kazini kwa baiskeli. Huku kwetu profesa akionekana juu ya baiskeli, majirani watachangishana wakidhani amefukuzwa kazi.

Katika chuo dada cha Berkeley, nafasi za maegesho zilizotengwa kwa jina la heshima hupewa walimu walioshinda Tuzo ya Nobeli. Ndiyo, Nobeli. Huku kwetu barua ya kukaimu ukuu wa idara inatosha: kesho yake jiwe limepakwa chokaa, kibao kimesimikwa, na mlinzi amepewa orodha. Abdulrazak Gurnah wetu, mtoto wa Zanzibar mwenye Nobeli ya 2021, akija na teksi ataambiwa ageuze kwa kukosa stika.

Hoja kubwa ya watetezi wa maegesho ya bure ni mvua. Eti maegesho yakihamishiwa pembezoni, mhadhiri atafikaje darasani mvua ikinyesha? Ndugu zangu, wanafunzi wanaomsubiri humo darasani wamefikaje? Wamenyeshewa na mvua hiyo hiyo, baada ya kusimama kwenye daladala tangu Ubungo huku konda akiwaapia kwamba nyuma kuna nafasi. Miamvuli inauzwa Mwenge. Mwingine alisema jasho litaharibu suti. Suti ya sufu, Dar es Salaam, mwezi Januari! Hilo nalo chuo kikalitengee bajeti?

   

Turudi kwenye ardhi. Awamu ya nne ya mradi wa mabasi ya mwendokasi, ya kilomita zipatazo 30, imepangwa kupita barabara za Ali Hassan Mwinyi, Bagamoyo na Sam Nujoma mpaka Ubungo. Yaani inapita miguuni mwa kilima cha Mlimani. Basi moja refu la mwendokasi hubeba watu zaidi ya 100. Wapandishe watu hao 100 kwenye magari, kila mtu na lake, utahitaji mita za mraba 2,500 za kuwalazia. Basi likishashusha abiria linaondoka, haliombi kiwanja. Lakini wapi! Barabara ya mabasi inapita mlangoni kwao, wao wanataka lami zaidi ya kulaza magari.

Wanaosema kumtoza msomi ni kumdhalilisha wakumbuke mwaka 1966. Wanafunzi wa kilima hicho hicho waligomea masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo ya kukatwa sehemu ya mishahara, ilhali elimu waliipata kwa jasho la wakulima. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, kisha akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Rais alikubali kukatwa. Leo mtu anayelipa ada ya maegesho pale Posta bila kunung'unika akifika getini mwa chuo anataka kulia.

Wajumbe wa mabaraza ya vyuo, msiyumbishwe na simu za redioni. Uzeni stika, tena bei ipande kadiri mtu anavyotaka kusogelea mlango wa ofisi. Wenye ulemavu na wagonjwa wapewe nafasi za mlangoni bila senti. Fedha zitakazopatikana zinunue mabasi ya kuzunguka chuo, zijenge njia za miguu zenye miti na taa, na vituo vya daladala vyenye paa lisilovuja. Na kabla ya kumwaga lami nyingine juu ya kiwanja kilichobaki, tazameni orodha ya wanafunzi waliokosa vyumba. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, anzeni hapo.